Msaada wa Elimu kwa Wasichana wa Jamii za Pembezoni Vijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wazazi, walimu, wafadhili na wasichana wenyewe huuliza kuhusu safari ya binti wa kijijini kutoka darasani hadi kwenye kazi yenye mshahara. Mifano mingi inatoka katika wilaya za wafugaji na wawindaji za kaskazini na katikati ya Tanzania, kama vile Ngorongoro, Longido, Monduli, Simanjiro, Kiteto, Hanang, Mbulu na Mkalama. Msimamo wetu tunautaja tangu mwanzo ili msomaji aupime: binti wa jamii hizi hapotei sana akiwa darasani, bali hupotea katika mapengo yaliyo kati ya hatua moja ya masomo na nyingine, na msaada usioziba mapengo hayo haufikishi kwenye taaluma.

Mnaposema jamii za pembezoni mnamaanisha akina nani?

Tunamaanisha watu ambao maisha yao hayakuzingatiwa wakati huduma za umma zilipopangwa. Wamaasai na Wabarabaig huhama na mifugo kufuata malisho na maji, ilhali shule haihami. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na maeneo ya Ziwa Eyasi wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na makazi yao ni madogo na yametawanyika kiasi kwamba ni vigumu kujenga shule karibu na kila kambi. Umaskini wa kipato upo, ingawa si kila mara: baba anaweza kuwa na ng'ombe mia mbili na bado binti yake asiwe na daftari, kwa sababu ng'ombe ni mali ya ukoo na uamuzi wa kumuuza hautolewi na mama wala na binti.

Elimu si bila ada siku hizi? Kwa nini bado kuna haja ya ufadhili?

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka wa masomo 2022/23 ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita pia. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, na ilifungua milango kwa watoto wengi. Hata hivyo, ada yenyewe katika shule za sekondari za Serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, kiasi ambacho hakikuwa gharama kubwa kuliko zote hata wakati huo.

Chukua fomu ya maelekezo ya kujiunga ambayo binti aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni hukabidhiwa, uisome mstari kwa mstari. Utakuta godoro, shuka jozi mbili, chandarua, tranka na kufuli lake, ndoo mbili, sahani na kikombe, sare za darasani, sare za michezo, sweta, viatu vyeusi vya ngozi, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo, fagio, madaftari makubwa na taulo za kike. Kisha kuna nauli ya kumfikisha shuleni na ya kumrudisha wakati wa likizo. Mama anayeuza maziwa lita mbili kwa siku hawezi kupata vitu hivyo vyote ndani ya wiki tatu, na binti asiyeripoti kwa wakati huanza kuonwa na ukoo kuwa hana shule. Ndiyo maana msaada wa kwanza ulio na maana, kabla ya jambo lolote jingine, ni kumjazia binti tranka lake.

Kwa nini mnasisitiza hosteli na mabweni?

Kwa sababu ya umbali na kwa sababu ya yanayotokea njiani. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 zilisogeza elimu karibu na watu, lakini katika nyika kata moja inaweza kuwa na eneo kubwa kuliko tarafa nzima ya sehemu nyingine za nchi. Binti anayetembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi hufika amechoka, hukosa kipindi cha kwanza, na hurudi giza likiwa limeingia. Wazazi wengine humpangishia chumba karibu na shule, akaishi na wenzake wawili bila mtu mzima, wakijipikia na kujilinda wenyewe. Huko ndiko mimba nyingi za shuleni huanzia, na mara nyingi mhusika ni mwanamume anayewapa nauli, chipsi au simu.

Hosteli yenye matroni anayelala hapohapo, maji, choo kinachofungwa kwa ndani na taa ya kusomea hubadilisha mambo hayo kwa pamoja. Mamlaka ya Elimu Tanzania, kupitia Mfuko wa Taifa wa Elimu, imekuwa ikifadhili ujenzi wa hosteli za wasichana katika maeneo yenye mazingira magumu, na kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari Serikali ilipanga kujenga shule 26 za bweni za wasichana za masomo ya sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Vitanda vinasaidia sana, lakini matroni ndiye anayevipa vitanda hivyo maana. Hosteli isiyo na mlezi mwenye mshahara wa uhakika ni jengo tu, na wafadhili wanaopenda kuzindua majengo wangefanya vyema kuuliza nani atamlipa matroni mwaka wa tatu.

Mapengo mnayoyataja ni yapi hasa?

Tunaona matatu, na tunaomba msomaji ayape uzito wa pekee.

La kwanza linaanza Septemba, mtihani wa darasa la saba unapokwisha, na kuendelea hadi Januari, kidato cha kwanza kinapofunguliwa. Ni miezi minne ambayo binti yuko nyumbani, ana umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, na machoni pa jamii amekwisha kumaliza shule. Desemba ndiyo pia msimu wa sherehe katika jamii nyingi zinazokeketa, na kwa desturi binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16, mkoa wa Manyara ulikuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote cha wanawake waliokeketwa, asilimia 58.

Pengo la pili ni refu zaidi, nalo huzungumzwa kidogo. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na wanaochaguliwa kuingia kidato cha tano huripoti Julai. Binti hukaa nyumbani miezi saba au minane bila sare, bila mwalimu na bila jibu la kumpa baba anayeuliza kama masomo yamekwisha au yanaendelea. Posa nyingi hupokelewa katika kipindi hiki, na wazazi wanaopokea mahari hawaoni kwamba wamevunja masomo ya mtu, kwa kuwa hakuna masomo wanayoyaona. Programu nzuri humpa binti shughuli rasmi ya miezi hiyo: kujitolea kufundisha watoto wa awali katika shule ya kijiji, kozi fupi ya kompyuta mjini wilayani, au kambi ya masomo ya maandalizi, pamoja na posho ndogo na barua yenye muhuri inayosema kwamba huyu bado ni mwanafunzi wetu. Barua hiyo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mama anaweza kuitoa kabatini wageni wa posa wanapofika.

Pengo la tatu ni kati ya kumaliza chuo na mshahara wa kwanza, na tutalirudia hapa chini.

Binti yetu alikuwa wa kwanza darasani katika shule ya msingi. Mbona kidato cha kwanza amekuwa wa mwisho?

Katika shule ya msingi ya Serikali alifundishwa kwa Kiswahili, ambacho kwa mtoto wa Kimaasai, Kibarabaig au Kihadzabe tayari ni lugha ya pili, aliyojifunza akiwa na miaka saba. Sekondari inamtaka ajibu maswali ya Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza, yaani lugha ya tatu, ambayo hajaisikia ikizungumzwa nyumbani hata siku moja. Wiki chache za kozi ya awali mwanzoni mwa kidato cha kwanza hazitoshi kuvuka daraja hilo. Akili yake haijapungua. Kinachopimwa sasa ni lugha kabla ya maarifa.

Baadhi ya shule zimelishughulikia jambo hili mapema. Shule ya Sekondari ya Wasichana wa Kimaasai ya Kanisa la Kilutheri iliyoko Monduli, ambayo ilianzishwa mwaka 1995, iliweka mwaka wa maandalizi kabla ya kidato cha kwanza ili wasichana wajenge Kiingereza na misingi ya Hisabati. Pale ambapo mwaka mzima hauwezekani, miezi ile minne ya kusubiri baada ya darasa la saba inafaa kwa kazi hiyohiyo, na hivyo pengo moja linazibwa kwa faida mbili.

Kwa nini mnahimiza sana asiache Fizikia na Kemia?

Kwa sababu huo ndio uamuzi unaofunga milango mingi bila kelele. Katika utaratibu ambao shule zimeufuata kwa miaka mingi, mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu ameweza kuacha Fizikia na Kemia na kubaki na masomo ya sanaa na biashara. Binti wa shule ya kata isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia huona kuacha ni busara, na mara nyingi walimu humuunga mkono. Miaka miwili baadaye anasema anataka kuwa muuguzi, na ndipo anaambiwa kwamba kujiunga na kozi ya uuguzi na ukunga au ya utabibu katika vyuo vya kati kunahitaji ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo za Baiolojia, Kemia na Fizikia.

Kumbuka kwamba ni D zinazotakiwa, si A. Binti mwenye D ya Fizikia anaweza kuwa mkunga katika zahanati ya kijiji alichozaliwa, akizungumza na wajawazito kwa lugha yao, ilhali mwenzake aliyeiacha Fizikia ili apate daraja zuri zaidi hataipata nafasi hiyo. Hakuna mtu aliyewaeleza wote wawili walipokuwa na miaka kumi na mitano. Kwa maoni yetu, mazungumzo ya saa mbili ya mwalimu wa ushauri nasaha na wasichana wa kidato cha pili kuhusu sifa za kuingia vyuoni yana thamani isiyopungua ya msaada mwingi wa fedha, na hayagharimu kitu isipokuwa maandalizi.

Wazee wanasema kumsomesha binti ni kumwagilia mti wa jirani. Tuwajibu nini?

Tunashauri msianze kwa kuwajibu. Anzeni kwa kuwasikiliza. Hoja ya mzee ina hesabu ndani yake: binti huolewa akaondoka, mahari huleta ng'ombe, na ng'ombe humwoza kaka yake. Anayepinga ndoa hiyo bila kuigusa hesabu hiyo ataonekana mgeni asiyejua maisha. Kinachowashawishi wazee wengi ni kuwaona binti wa watu wanaowafahamu: yule mwalimu anayetuma fedha za chanjo ya ndama kila msimu wa kiangazi, yule muuguzi aliyempeleka mama yake hospitali ya rufaa bila kuuza dume hata moja.

Katika jamii ya Kimaasai, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, akishakubali na kutamka hadharani kwamba mabinti wa rika fulani watasoma, baba mmojammoja hupata sababu ya kukataa posa bila kuonekana mkaidi mbele ya wenzake. Akina mama nao wasiachwe nyuma. Baraza la Wanawake Wafugaji, linalojulikana zaidi kwa kifupi cha PWC, lilianzishwa Loliondo mwaka 1997, nalo limeunganisha vikundi vya wanawake, haki za ardhi na masomo ya wasichana katika kazi moja, zikiwemo jitihada za kuanzisha Shule ya Sekondari Emanyata. Mama mwenye kipato chake na sauti katika mkutano wa kijiji humtetea binti yake miaka yote, hata baada ya mradi kuondoka.

Sheria inasemaje kuhusu kumwoza mwanafunzi?

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019.

Binti aliye hatarini apelekwe kwa mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Hata hivyo, tunawaomba walimu wawe na mpango wa wapi binti atalala usiku huo na mwezi unaofuata, kwa kuwa kesi inayomtia baba ndani na kumrudisha binti katika boma lilelile humwacha katika hali ngumu kuliko mwanzo.

Binti amepata mimba akiwa shuleni. Je, masomo yake yamekwisha?

Hapana. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi, na waraka wa elimu ukatolewa kuweka utaratibu. Jambo hili si la wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 ya mwaka 2015/16.

Ruhusa ya kurudi haitoshi kama hakuna wa kumlea mtoto. Bibi wa mtoto akikubali kumlea, msaada uelekezwe pia kwake, kwa maziwa, uji wa lishe na nauli ya kliniki, kwa maana yeye ndiye anayemwezesha mama mdogo kukaa darasani. Asiyeweza kurudi shule ya kawaida ana njia nyingine: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini, hupokea wanawake vijana waliokatiza sekondari, vikawafundisha masomo ya kidato pamoja na fani ya mikono, na vyuo kadhaa vina vituo vya kulelea watoto wakati mama wakiwa darasani. Mpango huo unajulikana kwa jina la Elimu Haina Mwisho.

Amepata daraja la sifuri kidato cha nne. Tumpeleke wapi?

Kabla ya kumpeleka popote, mpeni muda wa kulia, kisha kaeni naye mezani. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo machache anayoyahitaji tu, badala ya yote. Anaweza kujiunga na VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya Serikali, katika fani kama umeme wa majumbani, ushonaji, upishi, udereva au ufundi bomba, ambako hatua ya kwanza haimdai cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu. Tunasikitika kuona wasichana wote wa kijijini wakielekezwa kwenye cherehani, kana kwamba hakuna fani nyingine. Fundi umeme wa kike katika kijiji ambako umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ndio kwanza umefika atapata wateja wa mwaka mzima, na mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, sekondari, jambo linalowapa wasichana nafasi ya kugusa vifaa hivyo mapema.

Ni nyaraka gani zinazowakwamisha wasichana wengi?

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mbali na zahanati, mara nyingi hana hata kadi ya kliniki, na pengo hilo halimsumbui hadi siku anapoomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo Bodi ya Mikopo huhitaji cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo. Wakati huo zimebaki wiki chache dirisha lifungwe, binti yuko kijijini kusiko na mtandao, na mwombaji analipa shilingi 30,000 za maombi.

Kazi hii ifanyike akiwa kidato cha pili au cha tatu. Mzazi apate barua ya mtendaji wa kijiji, akusanye ushahidi uliopo, kama cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba au kiapo, na apeleke maombi ya usajili uliochelewa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Angalieni majina kwa makini sana. Binti anayeitwa kwa jina la babu katika shule ya msingi, la baba sekondari na jingine kwenye kitambulisho cha taifa atahangaika miaka kusahihisha herufi mbili. Kama kaya yake iko katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, hifadhini uthibitisho wake, kwa kuwa huzingatiwa katika kupima uhitaji wa mwombaji.

Mkopo wa Serikali si unatosha akifika chuo kikuu?

Unasaidia mno, na kwa wengi ndio unaowezesha safari. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 umefunguliwa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya, habari njema kwa wasichana wanaopita vyuo vya kati. Lakini fedha huingia baada ya kusajiliwa, wakati nauli ya basi kwenda Dodoma au Dar es Salaam, kodi ya chumba na chakula cha wiki za mwanzo hudaiwa kabla. Mfadhili mwenye fedha kidogo afikirie wiki hizo. Vilevile mwelezeni binti mapema kwamba ni mkopo, na kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Ni kazi gani zinazowafaa wasichana kutoka jamii za wafugaji?

Kazi yoyote wanayoipenda na kuiweza, ikiwemo uhandisi na uanasheria. Tunataja tu eneo moja linalosahauliwa. Binti aliyekulia bomani anamtambua mbuzi mgonjwa kwa jinsi anavyosimama, anajua majira ya malisho, na amekamua tangu utotoni; maarifa hayo ni mtaji ambao mwenzake wa mjini hana. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Tengeru, karibu na nyika, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mkoani Morogoro kinafundisha udaktari wa mifugo. Afisa mifugo wa kike anayezungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, huingia katika boma akaongea na wanawake, ambao ndio wanaotunza ndama na maziwa, na kupata taarifa ambazo mwanamume mgeni hapewi. Hali ni hiyohiyo kwa uhifadhi wa wanyamapori, ambao una chuo chake Mweka tangu mwaka 1963, na kwa maendeleo ya jamii katika taasisi ya Tengeru.

Wahitimu wengi hawana ajira. Tunawasomesha ili wakae nyumbani?

Swali hili ni la haki, na hapa ndipo lilipo lile pengo la tatu. Msaada mwingi hukoma siku ya mahafali, wakati ambapo binti hana shangazi wa kumhifadhi mjini wala mjomba ofisini wa kumweleza wapi pa kujitolea. Mwenzake mwenye ndugu mjini husubiri ajira kwa mwaka mzima akiwa na mahali pa kulala. Yeye hurudi kijijini mwezi wa pili.

Kinachosaidia ni posho ya miezi sita hadi kumi na miwili ya mafunzo kazini, nauli ya kwenda kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na mtandao wa waliotangulia. CAMFED, shirika lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005, limejenga jambo hili vizuri kupitia umoja wa wahitimu wake: wasichana waliosomeshwa hurudi shuleni kama viongozi wa kuwaongoza wadogo zao, na wao wenyewe hupata mafunzo na mitaji midogo. Kwa wanaotaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake na 4 ya vijana. Kikundi kinahitaji kusajiliwa, kuwa na akaunti na andiko la mradi, na kusaidia kuandika andiko hilo ni msaada wa elimu kama ulivyo wa daftari.

Akisoma ataidharau mila yetu?

Baadhi hubadilika, na hatutaficha hilo. Lakini wengi tunaowafahamu huvaa shuka na shanga zao kwa fahari kuliko walivyovaa walipokuwa na miaka kumi na miwili, na huzungumza lugha yao na watoto wao kwa makusudi. Shule nazo zina wajibu hapa: zisimwadhibu mtoto kwa kuzungumza lugha ya mama yake uwanjani, wala zisiyafanye maisha ya ufugaji au uwindaji kuwa mfano wa ujinga.

Na wavulana je?

Wavulana wa jamii hizi nao huachwa machungani, na shida yao ni ya kweli. Msaada wa wasichana hautakiwi kuwanyima wao chakula cha shuleni au madawati, na kaka aliyesoma huwa mtetezi mkubwa wa dada yake.

Nataka kumsomesha binti mmoja. Niwape wazazi fedha taslimu?

Tunashauri usitume fedha zote mahali pamoja wala kwa mtu mmoja. Mahitaji ya shule yalipwe shuleni au dukani, fedha ya matumizi ipitie kwa mwalimu wa malezi na mama kwa pamoja, na kila mmoja ajue mwenzake amepokea nini. Usiwasiliane na binti kwa siri, usimtake akutumie picha za umaskini wake, na usimtangaze mitandaoni kwa jina na kijiji.

Jambo zito zaidi ni muda. Kuanzia kidato cha kwanza hadi mwaka wa kwanza kazini ni miaka minane au zaidi. Anayejua kwamba anaweza kwa miaka miwili tu aseme hivyo mapema, ili shule imtafutie binti mwingine wa kumpokea, au achague hatua moja anayoweza kuimaliza: kujaza tranka la kidato cha kwanza, kulipia miezi ya kusubiri matokeo, au kugharimia posho ya mafunzo kazini. Mwalimu mkuu wa shule ya kata na afisa elimu kata ndio wa kuanza nao, kwa kuwa wao wana orodha ya walioripoti na wasioripoti, na Januari orodha ya wasioripoti huwa na majina ambayo bado yanaweza kufuatwa hadi nyumbani.